Hewa ileile

Mnamjua Kaka. Akikuuliza kitu, jibu anakuwa nalo mfukoni. Jumapili tulikuwa mezani, habari ya harusi ya mdogo wetu kuahirishwa imeshazungumzwa na mkataba wangu mpya umeshapongezwa, ndipo akanigeukia kuuliza habari ya injini ya Stirling ninayoipigia hesabu, ile inayoendeshwa na gesi inayopashwa joto na kupozwa.

"Ile injini yako, bado unaihesabu?"

"Bado, Kaka."

"Gesi mnaiongeza kila mara?"

"Haiongezwi. Imefungiwa humohumo."

"Kwa hiyo ni hewa ileile, inakwenda inarudi."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo inayokumaliza macho!" Akacheka, akaomba chumvi.

Ndiyo! Mtu mzima na shahada zangu, nikajibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Tangu siku hiyo namjibu Kaka nikioga, namjibu nikipiga pasi. Jibu la kwanza lilikuwa la hasira: si hewa, ni heliamu. Afadhali halikunitoka, angenicheka mpaka leo.

La pili ni refu. Kaka, mwaka 1871 Gustav Schmidt aliipigia injini ya Stirling hesabu ya karatasi: kila chumba cha gesi ndani ya injini kiwe na halijoto isiyobadilika, ujazo upande na kushuka kwa wimbi la sini. Ukipasha kwa nyuzi 900 za Kelvin na kupoza kwa 300, hesabu hiyo inakupa ufanisi wa asilimia 67, kikomo chenyewe cha Carnot, ambacho hakuna injini ya joto inayoweza kukivuka. Tamu mno. Ila kwenye silinda gesi haipati muda wa kupokea joto wala kulitoa: ikibanwa inapata moto, ikitanuka inapoa. Mwaka 1960 mtafiti Finkelstein akaziachia halijoto za silinda zipande na kushuka zenyewe, na hapo karatasi haitoshi tena, inatakiwa kompyuta.

Basi mimi kwenye modeli yangu ya kompyuta nina vyumba vitano: silinda ya baridi, kipoza, rejenereta (tabaka za waya zinazotunza joto), kipasha joto, silinda ya moto. Penye kila mlango, kila nukta ya mzunguko, sharti niulize gesi inatokea upande gani, kwa sababu inavuka na halijoto ya chumba inachokiacha. Ikigeuka, halijoto ya mlangoni inaruka. Na milango haigeuki pamoja. Kuna wakati silinda zote mbili zinasukuma gesi kati, presha inapanda tu.

Usiku wa Jumatano nilikuwa nautazama mchoro wa presha na ujazo. Mzunguko wa kwanza haufungi kamwe, maana halijoto za kuanzia ni za kukisia. Mstari unarudi ukaishia pembeni ya ulipoanzia. Unaiacha modeli izunguke, mwisho wa zamu hii unakuwa mwanzo wa zamu ijayo, na ule mwanya unapungua, unapungua, mpaka ncha mbili zinakaliana. Nikacheka peke yangu. Inakwenda, inarudi! Isiporudi palepale ilipoanzia, sina jibu la kumpa mtu.

Na uhondo wote uko kwenye kule kurudi. Mchungaji Robert Stirling aliliona hilo mwaka 1816: gesi ikitoka kwenye moto iache joto lake njiani, kwenye tabaka za waya, na ikirudi ilichukue. Joto linaloingia na kutoka kwenye waya linaweza kuwa mara nne ya lile la kipasha joto. Likiwa hivyo, waya ukikosa kurudisha asilimia 1 tu, kipasha joto kinadaiwa asilimia 4 zaidi. Ukisema utumie waya mwembamba zaidi, joto unalinasa vizuri lakini gesi inapita kwa shida na kazi ya pistoni inaliwa na msuguano. Tena kanuni nyingi za msuguano zilipimwa kwa mtiririko wa upande mmoja, na wangu hautulii upande wowote. Hapo ndipo macho yangu yanapoishia, Kaka.

Nilimwandikia asubuhi: "Ulisema kweli, ni ileile." Akajibu: "Nilisema nini?"

Ningeendelea, lakini binti kaamka analalamikia sikio, lile la kushoto tena, na dawa ya mara iliyopita aliimaliza yote. Kesho kazini nitachelewa. Mwenye kumjua daktari mzuri wa masikio ya watoto aniambie.