Jina la tatu

Bibi alivuka kuja Unguja kwa meli kutoka Mkoani, Pemba, mwaka 2016, siku moja kabla ya mahafali yangu. Nilimpokea bandarini. Alikuwa na kikapu cha ukili mkononi na karafuu kavu chache kafunga kwenye pindo la kanga, za kutafuna ili bahari isimchafue roho. Vidole vyake vilikuwa na weusi ule usiotoka kwa sabuni. Msimu ulikuwa haujaisha. Alikuwa ametoka kuchambua vikonyo.

Karafuu zile ndizo zilizonisomesha. Kilo moja ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000, na mimi kila nikitaka kitabu au nauli nilikuwa nazihesabu kwa kilo, si kwa shilingi.

Usiku ule tulilala kwa shangazi, Jang'ombe. Napiga pasi nguo zangu, Bibi akaniuliza nani atakayetutunuku. Nikamwambia Mkuu wa Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein.

"Wa Chokocho," akasema, kama anayemtaja jirani. Sisi watu wa Kengeja, wilaya moja ya Mkoani. Kwake ni mtoto wa nyumbani. Kisha akauliza, "Na hiyo Dokta ya nini? Anatibu?"

Nikaizima pasi. Nilikuwa nimesoma kemia miaka mitatu, na swali hilo nililingojea bila kujua. Nikamweleza kuwa Dk. Shein alianza kwenda Voronezh, Urusi, mwaka 1969, kisha akasoma Odessa mpaka 1975, wakati huo kote huko ni nchi moja ya Kisovieti. Baadaye akenda Newcastle, Uingereza, na mwaka 1988 akapata shahada ya uzamivu katika biokemia ya tiba. Si wa kudunga sindano, nikamwambia. Ni mtu wa maabara, anayeisoma damu ya mgonjwa ili ijulikane mwilini kumeharibika nini. Kazi hiyo aliifanya hapa hapa, hospitali ya Mnazi Mmoja, kabla ya siasa.

Bibi alinyamaza kitambo. "Mimi namjua Rais," akasema. "Huyo wa maabara sijapata kumsikia."

Maneno hayo yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Hata Dk. Salim Ahmed Salim tunamtaja kwa vyeo: balozi wa Cairo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, Waziri Mkuu, Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kutoka 1989 hadi 2001. Wangapi wetu tuliambiwa skuli kuwa kijana huyo, na ubalozi wake, alikaa darasani Delhi na tena Columbia, New York? Picha ya kiongozi imetundikwa kila ofisi. Usiku aliokesha na daftari hatuoneshwi, na sisi watoto wa Pemba huo ndio tuliouhitaji.

Asubuhi tukenda Tunguu. Sherehe ilikwenda kama sherehe zinavyokwenda: hotuba, jua, majoho yanayobana shingo. Ilipofika zamu ya kitivo chetu tukasimama pamoja, Mkuu wa Chuo akatamka maneno ya kututunuku. Nilimtazama yule mzee kwa mbali na sikumuona Rais. Nilimuona mwanafunzi kutoka Chokocho anashuka kwenye baridi ya Voronezh, lugha haijui. Nyuma yangu, upande wa wazee, nikasikia kigelegele kimoja kirefu. Nilikijua ni cha nani.

Baadaye tulikaa chini ya mwembe, nikampa Bibi kitabu cha mahafali chenye majina yetu. Yeye anasoma herufi za Kiarabu alizofunzwa chuo cha Kurani. Za kizungu hazijui. Akakifungua na kukigeuza geuza.

"Nioneshe wewe uko wapi."

Nikamuonesha. Akaweka kidole juu ya jina langu, akakisogeza kwenye jina la baba. Kikasimama.

"Na hili linalofuata?"

"Hilo la Babu."

Babu alikufa mimi sijazaliwa. Maisha yake yote alipanda mikarafuu ya watu. Bibi hakusema kitu. Alifungua pindo la kanga, akatoa karafuu moja, akaiweka katikati ya ukurasa ule, akakifunga kitabu na kukitia kikapuni.