Soriasisi: dawa yangu moja ilikuwa inaua nyingine

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi, na kwangu mabaka yake yenye magamba meupe yaliganda viwikoni na magotini kwa miezi. Losheni za kawaida hazikufua dafu. Daktari akaniandikia marhamu yenye dawa mbili ndani yake, kalsipotrioli na betamethasoni. Nikapaka kila siku, wapi!

Mfamasia akaniuliza, "Unapaka nini kingine?" Kumbe ndipo penyewe. Kabla ya marhamu nilikuwa napaka asidi ya salisiliki kulainisha magamba, na asidi hiyo huiharibu kalsipotrioli zikikutana kwenye ngozi. Mtajieni daktari hata mlichonunua bila cheti, jamani.

Nikaiacha asidi. Nikawa nalowesha magamba kwa maji ya uvuguvugu, nakausha taratibu bila kusugua, kisha marhamu kidogo mara moja kwa siku. Wiki ya nne magamba yalikwisha, yakabaki madoa tu.