Bahari iko kushoto

Naandika haya nikiwa Mikindani, karibu na Mtwara mjini, barazani kwa mjomba. Viganja bado vinawasha kama vile sijaachia usukani. Siku mbili toka Mbagala, Dar es Salaam, mpaka hapa, kwa pikipiki ya cc 150 ambayo mjini huwa inanipeleka kazini na sokoni tu.

Ukimwambia mtu unaifuata pwani kwenda kusini, anakuonea wivu. Anadhani utakwenda na mawimbi pembeni safari nzima. Loo! Barabara ya Kilwa inaificha bahari yake. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unachokiona ni mikorosho, magunia ya mkaa na watoto wanaokupungia mkono. Bahari iko kushoto, lakini utaijua kwa upepo tu.

Na upepo wenyewe, huu ni mwezi wa nane, kusi limekolea. Ukielekea kusini linakupiga usoni na shavu la kushoto, na chombo kilivyo chepesi kinataka kwenda linakotaka lenyewe. Kisha anakuja dereva wa lori la saruji kutoka Mtwara. Likikukaribia linakusukuma, likishakupita unabaki unayumba. Mara ya kwanza nilikakamaa mikono, nikaona usukani mzima unacheza. Nikakumbuka maneno ya fundi wangu wa Temeke: bana tangi kwa magoti, viwiko vilegeze. Kuanzia hapo kila nikiona lori kwa mbali nilisogea kushoto kidogo, nikiiacha nafasi kabla ya ukingo wa lami, maana nje ya hapo ni mchanga.

Huyo fundi ndiye aliyenizuia nisiondoke mwezi uliopita. Alikagua cheni, akashika tairi la nyuma, akanitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa amechelewa. Tukabadilisha vyote viwili. Kofia yangu nayo aliikataa, kamba yake ilikuwa imekatika. "Kofia isiyofungwa kidevuni hiyo ni ya harusini," akasema. Halafu akanipeleka kiwanjani jioni tatu mfululizo kujifunza breki ya mbele. Mimi nimejifunzia mtaani, na mtaani breki ya mbele inaogopwa kama nyoka, eti inabinua. Kumbe ukifunga breki uzito wote unahamia mbele, gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara, la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka. Siri ni kuiminya taratibu kama unakamua chungwa, usiikamate ghafla.

Daraja la Mkapa nililivuka saa nne asubuhi. Ni karibu kilomita nzima juu ya Rufiji, na mtu aliyezaliwa juzi hawezi kujua lilivyobadilisha maisha ya watu wa kusini lilipofunguliwa mwaka 2003. Mjomba anasimulia foleni za pantoni pale Ndundu, na masika ambayo gari likizama kwenye tope abiria walipika na kulala njiani. Somanga pia nilikwenda polepole, pale ambapo Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara, kusini kukawa kisiwa. Mama mmoja aliniuzia samaki wa kukaanga na chai. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, mkeo anajua uko hapa?" Nikamwambia anajua. Hakuniamini.

Nilijiwekea sheria moja: saa kumi na moja jioni niwe nimeshaegesha. Usiku njia hii ina malori yaliyoharibika yamewekewa majani tu kwa alama, na baiskeli zisizo na taa. Nikalala Kilwa Masoko, ng'ambo ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alifika kisiwani pale mwaka 1331 kwa chombo cha tanga, na sidhani kama makalio yalimuuma kama yalivyoniuma mimi.

Sasa Lindi. Hili ndilo lililonifanya nichukue daftari.

Jana yote nilikuwa na kiu ya bahari. Leo mchana, nilipokaribia Lindi, ikatokea bila kubisha hodi: minazi, halafu buluu, halafu mashua moja yenye tanga jeupe. Nikageuza kichwa. Sekunde mbili, labda tatu. Nilipojirudi, gurudumu la mbele lilikuwa limeshafika kwenye mchanga wa pembeni, kwa sababu pikipiki inakwenda macho yanakokwenda, na macho yangu yalikuwa baharini. Vidole viliruka kwenye breki ya mbele. Vikasita. Hapo ndipo pasipofaa kuishika, kwenye mchanga gurudumu likigoma tu umeshalala chini. Nikaachia mafuta, nikatazama mbele kabisa, kwenye lami, si kwenye mtaro uliokuwa unaniita. Ikayumba mara mbili, ikapanda barabarani yenyewe.

Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda amepakia mikungu ya ndizi. Akapunguza, akaja sambamba. "Kaka, ukitaka kuangalia bahari si unasimama?" Akaenda zake, ndizi zikinesanesa.

Nikasimama, kweli. Chini ya mnazi, injini nimezima, kofia mapajani. Nikaitazama Kitunda ng'ambo ya ghuba mpaka moyo ukarudi mahali pake. Nikanywa dafu mbili. Kutoka pale mpaka Mikindani nilisimama mara nne zaidi, kila bahari ilipojitokeza, nikachelewa karibu saa nzima, wali ukapoa.

Mjomba hakuuliza chochote kuhusu safari. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye rimu ya mbele, akakitazama kile kidole chenye mchanga.

"Huu si wa hapa," akasema, akaenda kunichotea maji ya kuoga.