Mikanda ya harusi za ukoo: nimekwama kwenye fildi, nimekwamuka

Haya, apdeti ya mradi wangu wa kuingiza mikanda ya harusi za ukoo kwenye kompyuta. VHS zote za Temeke zimeshaingia kwenye kompyuta, na zile kaseti ndogo za MiniDV za sendofu ya 2003 nimezivuta kwa waya wa FireWire. Kazi ikaja kuziweka zote kwenye taimlaini moja, ule mstari wa kupangia klipu ndani ya programu ya kuhariri. MC akisimama anaongea picha safi kabisa, ila akina mama wakianza kwenda mbele kutunza basi vurugu, kila mtu anatetemeka kama ana homa, na ukiangalia harakaharaka utasema mkanda umechoka.

Mkanda hauna shida hata. Video hizi za PAL (mfumo wa video za huku kwetu enzi hizo) ni fremu, yaani picha nzima, 25 kwa sekunde lakini kila fremu imebeba fildi mbili, moja ina mistari ya shufwa (ndo fildi ya chini) nyingine ya witiri (ya juu), na kamera haikuzipiga pamoja, zimepishana sehemu moja ya 50 ya sekunde. Sasa programu lazima ijue ipi ilitangulia. DV, yaani zile za kaseti ndogo, kawaida yake inaanza na fildi ya chini, kadi yangu ya kunasia VHS inaanza na ya juu, na taimlaini inafuata mpangilio mmoja tu, kwa hiyo klipu za upande wa pili zinasomwa kinyume, badala ya 1, 2, 3, 4 unapata 2, 1, 4, 3, yaani mtu anarudi hatua moja afu anaruka tatu, anarudi moja anaruka tatu, sekunde nzima hivyo hivyo. Ndo ule mtetemeko.

Kujua klipu ni ya aina gani sibahatishi. Natafuta sehemu mtu anakatiza mbele ya kamera kwenda upande mmoja, mkono wenye noti unafaa sana, afu kwenye AviSynth, programu ya kuchakata video kwa kuandika amri, naandika AssumeTFF() (chukulia fildi ya juu ndo ya kwanza, TFF) na chini yake SeparateFields() (tenganisha fildi), nasogeza fildi moja moja. Mkono ukienda mbele tu, ya juu ndo ya kwanza. Ukienda-ukirudi, ni BFF, ya chini ndo ya kwanza. ffmpeg, programu nyingine ya amri, nayo ina filta ya idet inayokuhesabia yenyewe, ila kwa VHS yenye chenga mi naiamini nusunusu.

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve inakuruhusu kubadilisha fildi klipu kwa klipu ndani ya Clip Attributes na inatosha kabisa kama una klipu chache. Mimi ninazo rundo, so nimeamua kuzimaliza nje kabla ya kuhariri: kwenye ffmpeg natumia filta ya bwdif, bwdif=mode=send_field:parity=bff kwa za DV, parity=tff kwa za VHS. Kila fildi inakuwa fremu kamili, napata 50 kwa sekunde, na taimlaini inakuwa ya progresivu, yaani fremu nzimanzima zisizo na fildi, ugomvi wa fildi umeisha. Na wanavyocheza unaona laini kweli, ukiacha 25 unapoteza nusu ya mwendo bure.

Ila yote haya yafanyike kabla ya kupunguza saizi. Kuna faili ya kichen pati ambayo studio moja zamani iliibana urefu wa picha ikiwa bado na intalesi, yaani fildi mbili bado zimefumwa pamoja, mistari ya fildi mbili imekorogana, hapo hakuna filta ya kuitenganisha tena. Hiyo dawa yake ni kurudia mkanda wenyewe, na uko kwa shangazi Mbagala, Jumamosi naufuata kama haujaota ukungu.