Kutwa nzima na majani ya mkarafuu

Saa 11 alfajiri nishaamka. Nasali, nakunywa chai na muhogo uliobaki jana, natia vitu mkobani: mkasi wa kupogolea, msumeno, kisu, kioo cha kukuzia, chupa ya spiriti. Ndoo ya plastiki nafunga nyuma ya pikipiki, ndani yake kifurushi cha mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, na cha chokaa. Mimi ni bibi shamba huku Pemba, upande wa Wete. Wengi wakiniona na mabuti wanajua nimekuja kugawa miche na dawa. Kazi yangu hasa ni kutazama jani mpaka nijue mti unaumwa wapi.

Saa 1 na nusu, kitaluni. Safu moja ya miche imebabuka majani kwa juu, upepo wa kaskazi uliondoa makuti ya kivuli. Tunarudishia makuti, naondoka.

Saa 3, kwa mama mmoja ambaye mkarafuu wake una majani meusi kama yamefukizwa moshi. Napangusa jani kwa kitambaa kibichi, weusi unatoka wote, chini jani ni kijani kizima. Hayo ni masizi, kuvu inayoota juu ya utamu unaotolewa na wadudu gamba. Na wadudu gamba wana walinzi wao: maji moto, wale chungu wakali wa mitini, wanaowachunga ili waule ule utamu. Tukifika kwenye wadudu gamba wenyewe, masizi yatakwisha. Nilikuwa bado naeleza na maji moto wameshafika shingoni.

Saa 4 na robo nafika kwa mzee ambaye tangu jana amenipigia simu mara 3. Shamba lake ni katika zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, alipewa marehemu baba yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Dawa umekuja nayo?"

"Kwanza nitazame, babu."

Hakupenda. Ndani alikuwa na chupa aliyouziwa dukani, akaileta. Nikamsomea maandishi yake: dawa ya viwavi wa mboga. Akasema yule muuzaji kamwambia inaponya kila jani. Maneno haya nayasikia kila wiki na bado yananiuma, kwa sababu pesa ile ni ya karafuu alizochuma mwenyewe.

Mti wa kwanza una madoa ya duara, rangi ya kutu, ukiyapapasa ni kama mahameli. Huo ni mwani, si ule wa baharini, unaokaa juu ya jani penye unyevu na kivuli kizito. Afyeke magugu, hewa ipite, mti hautakufa. Mti wa pili ndio uliomnyima usingizi. Majani ya ncha za matawi matatu yamekauka na kupukutika, ya nyuma yake yana manjano. Alidhani ni ule ugonjwa wa kufa ghafla ambao wazee wanausimulia: mkarafuu mzima unageuka kahawia kwa siku chache, majani bado yananing'inia, na hauna tiba. Nilimwelewa. Lakini kufa ghafla huchukua mti wote pamoja, na huu ulikuwa unakufa kutoka ncha kurudi nyuma. Nikapanda. Kila tawi lililokauka nililifuata mpaka nikakuta kisiki kilichovunjika wakati wa kuchuma. Watu huvuta tawi hadi likatike, kuvu inaingia kwenye kidonda na kushuka taratibu ndani ya mti. Nikakwangua ganda: kahawia nyekundu. Nikashuka kidogo, bado nyekundu. Hatua nyingine, mti mweupe safi.

"Tukate hapa, penye weupe."

"Hapana."

Kumbe mkarafuu ule si wake. Shamba ni lake, ila mti aliurithi dada yake. Hapa tunarithi hata mti mmoja mmoja. Na dada yuko Mtambwe. Akapigiwa, akasema anakuja. Tukakaa chini ya mti. Mzee akanieleza kwamba upepo wa 1872 uliilaza mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, babu zetu wakaitunza, na leo mimi nakuja na msumeno. Nikamjibu kwamba dawa ya kupulizia inalowesha jani tu, kuvu imo ndani ya mti. Akanyamaza, kisha akaanza upya na ile chupa yake. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukasali, tukarudi pale pale. Jua lilikuwa kali, na mashamba mawili yaliyokuwa yananingoja niliyaomba radhi kwa simu.

Bi mkubwa alipofika aliuliza swali moja tu. "Usipokatwa?"

"Ugonjwa utashuka mpaka shinani, bibi."

"Kata."

Matawi 3, na baada ya kila tawi nafuta msumeno kwa spiriti ili nisiupeleke ugonjwa kwenye kidonda kipya. Mikono ilikuwa inatetemeka nikishuka. Kisha uji wa kupaka. Kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa, lita 10 za maji ndicho kipimo, mimi nilikoroga sehemu ya kumi yake. Chombo kiwe cha plastiki, chuma kinaharibu dawa. Nikazamisha ncha ya kisu kwa muda na kuitoa: imeshika wekundu wa shaba. Mzee akasogea kutazama. Maana yake chokaa haijatosha, uji huo utaunguza mti. Nikaongeza chokaa, nikajaribu tena, kisu kikatoka safi. Nikapaka vidonda vyote, na vile visiki vidogo vya mavuno pia. Matawi tuliyachoma mbali na shamba, na moshi wake ulinukia karafuu mpaka barabarani.

Nafika nyumbani magharibi imeshaadhiniwa. Naoga, nakaa na fomu ya siku. Ina safu ya dawa iliyotolewa, kwa lita. Matawi hayana safu. Naandika pembeni, kwa herufi ndogo ili zitoshe: matawi 3 yamekatwa, vidonda vimepakwa, nirudi baada ya wiki 2 kutazama machipukizi.