Nilivyomtafutia Mama makao ya wazee

Mama alipopata kiharusi, upande wake wote wa kulia ulilala. Baada ya wiki tano hospitali, daktari alituita mimi na kaka yangu akatuambia bila kuzunguka mbuyu: huyu anahitaji watu wawili wa kumgeuza usiku na mchana, na mtu anayejua kumlisha asipaliwe. Nyumbani mtu wa kumshika nilikuwa mimi peke yangu, kaka mgongo wake mbovu. Tulijaribu siku tisa. Siku ya tisa Mama aliniponyoka nikimtoa kitandani, tukaenda chini wote wawili. Hakuumia. Niliyelia ni mimi, na yeye ndiye aliyekuwa akinipapasa kichwa kwa mkono wa kushoto. Kesho yake nikaanza kutafuta.

Makao ya kwanza yalituteka tangu mlangoni. Sakafu inang'aa, maua mezani, harufu nzuri mpaka korido ya mwisho. Meneja alitutembeza mwenyewe, akafungua mlango huu na kupita ule bila kuufungua, akasema jambo lililomfanya kaka atabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule: "Hapa kwetu mwaka mzima hakuna mzee aliyeanguka."

Nami nilitabasamu, hadi nilipoomba kwenda msalani nikapotea njia. Nilitokea kwenye ukumbi wenye wazee kumi na wanne, wote wameketishwa kwenye viti, na kila kiti kimefungiwa kijimeza kwa mbele. Hapakuwa na chakula juu ya vijimeza wala gazeti. Bibi mmoja alikuwa akisukuma chake kwa viganja, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Hakuna aliyeanguka kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kusimama.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani walishalipigia hilo mstari kwenye sheria mwaka 1987: mkazi wa makao haya ana haki ya kutofungwa kwa sababu ya adhabu au kwa kuwarahisishia kazi wahudumu. Na kijimeza ambacho mzee hawezi kukifungua mwenyewe ni kamba tu, hata kama kimepigwa msasa vizuri. Mzee akikalishwa kutwa nzima, miguu inapoteza nguvu haraka sana, halafu siku atakapojaribu kusimama kweli ndipo atakapoanguka vibaya. Tangu siku hiyo sikuuliza tena "wanaanguka wangapi?" Nilikuwa nauliza: "Aliyeanguka mara ya mwisho, mlifanya nini baada ya hapo?" Anayesema hakuna, namuaga naondoka.

Aliyeninyoosha ni shangazi yetu, nesi mstaafu. Nilimpigia simu usiku nikimhesabia vitanda, vyumba na televisheni, akanikatiza. "Mwanangu, acha kutembezwa. Kaa." Akanipa saa za kwenda: alfajiri wakati wa kuwaamsha, wakati wa chakula, na jioni ya mwisho wa wiki ofisi ikiwa imefungwa. Halafu akaongeza hili, ambalo ndilo lililonisaidia kuliko yote: "Usimwangalie mzee anayekusalimia. Mwenye mdomo atahudumiwa popote. Mwangalie yule asiyeweza kusema."

Basi nikawa mtu wa kukaa kwenye korido na mkoba mapajani.

Makao ya pili kaka aliyapenda sana. Yalikuwa karibu, safi, na kwenye ripoti ya ukaguzi yalikuwa na alama nzuri. Sizidharau ripoti hizo, zisome, hasa malalamiko yanayojirudia mwaka hadi mwaka. Marekani tangu 2008 wanavipa vituo nyota 1 hadi 5 na familia nyingi huanzia hapo. Lakini mkaguzi huja kwa siku chache, na mzee anaishi pale siku zote zilizobaki.

Nilikaa karibu na mlango wa chumba kimoja cha babu aliyelala chali, macho wazi, haongei. Glasi ya maji ilikuwa mezani, imejaa, upande wa mkono wake uliopooza. Saa nne asubuhi ilikuwa imejaa. Saa saba ilikuwa imejaa vilevile, na aliyekuja kuichukua aliandika kitu kwenye karatasi. Midomo ya yule babu ilikuwa imekauka mpaka inapasuka. Mzee akikosa maji hasemi ana kiu, anaanza kuchanganyikiwa, mkojo unakolea rangi, kisha watu wanasema "ni uzee."

Kitandani pake ilining'inia karatasi ya kugeuzwa. Mgonjwa asiyejigeuza kawaida hugeuzwa kama kila saa mbili, ili uzito usikae muda mrefu mahali pamoja, kwenye mfupa wa mkiani, nyonga na visigino, ndiko vidonda vya kulalia vinakoanzia. Niliinama kuisoma. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Karatasi ilikuwa imeshatiwa sahihi ya saa sita, na ya saa nane.

Nilirudi kukaa. Sikusema kitu, nadhani niliona aibu kwa niaba yao. Funika kombe ya namna hii haitokei kwa sababu mhudumu ni mbaya, mara nyingi hutokea kwa sababu mikono haitoshi. Nilimwuliza dada mmoja aliyekuwa akisukuma toroli ya mashuka, "Dada, leo una wazee wangapi?" Akajibu kumi na mmoja. Meneja alikuwa ameniambia sita. Nikamwuliza amekaa pale muda gani: miezi miwili, na yeye ndiye mkongwe wa zamu hiyo. Kengele ya chumba cha mwisho ililia dakika 22 kwa saa yangu kabla ya mtu kwenda.

Kaka alinuna. "Wewe unatafuta malaika," aliniambia garini. Nilimjibu kwamba natafuta mtu wa kusogeza glasi. Hatukuongea tena mpaka nyumbani.

Makao ya tatu nilikaribia kuyakimbia. Nilifika alfajiri, na nilipofungua mlango tu harufu ya mkojo ilinipiga usoni. Nikasema basi, hapa hapana. Lakini kwa kuwa nilishaahidi kukaa, nikakaa. Wahudumu walikuwa wanapita chumba baada ya chumba wakibadilisha pampasi za usiku na kuvua mashuka. Baada ya nusu saa harufu ilikuwa imekwisha. Ndipo nilipoelewa harufu nzuri ya makao ya kwanza ilikuwa inafunika nini. Wazee thelathini wakilala usiku kucha, alfajiri lazima kunuke. La kuuliza ni kunanuka hadi saa ngapi, na kama saa kumi jioni nguo ya mzee bado ina unyevu.

Wakati wa chakula nilimfuata kwa macho bibi mmoja aliyekuwa kama Mama, mdomo umepinda. Mhudumu alivuta kiti akakaa, uso wake ukalingana na wa bibi. Kwanza alimwinua mgongo ukawa wima. Kijiko kidogo, akasubiri. Aliangalia koo lipande na kushuka, kisha akamwambia afungue mdomo aone kama chakula hakijabaki shavuni upande uliokufa. Baada ya kumaliza hakumlaza, alimwacha ameketi. Ilichukua dakika 40. Mwenzake akapita akisema "bado wawili huku," yule akajibu "subiri," bila kugeuka. Nadhani niliamua palepale, ingawa nilijifanya bado natafakari.

Muuguzi mkuu alinipokea bila tabasamu kubwa. Nilipomwuliza kuhusu kuanguka, alifungua daftari: mwezi huo wanne. Mmoja aliteleza usiku akienda msalani, wakagundua dawa yake ya presha anapewa jioni mno, wakazungumza na daktari, wakaweka taa ndogo chini ya kitanda. Nilimwuliza ni wazee wangapi wanapewa dawa za kuwatuliza na kila moja ni ya nini. Swali hilo nilifundishwa na shangazi, maana mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na bado kuna mahali zinatumika ili mzee asisumbue. Hakukasirika. Alitaja idadi na akanieleza wamepunguzaje. Nikaomba kuona jinsi wanavyoandika uzito. Kila mzee anapimwa kila mwezi, na aliyepungua asilimia 5 ndani ya mwezi anaitiwa daktari. Kwa Mama mwenye kilo 60 hizo ni kilo tatu tu, kitu ambacho kwa macho nisingekiona.

Yapo mambo nisiyoyapenda. Bustani haipo, rangi ya kuta inachosha, na simu ya ofisi haipokelewi mpaka ukate tamaa. Kaka aliyarudia haya yote siku ya kusaini. Nilimwacha ayaseme, alikuwa anaaga kwa njia yake.

Wiki za kwanza nilikwenda bila kutoa taarifa, leo asubuhi, kesho kutwa usiku. Nilikuwa na ukaguzi wangu mdogo ambao Mama aliuchekea: mdomo ufunguliwe niuone ulimi kama una unyevu, kucha, meno ya bandia yapo mdomoni au yamesahaulika kwenye kikombe, kengele iko upande wa kushoto anakofikia. Mara moja niliikuta kulia. Niliihamisha, nikamtafuta mhudumu, nikamwambia taratibu. Akaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya kichwa cha Mama: MKONO WA KUSHOTO. Haikurudi kulia tena. Nimegundua pia kuwa ukimshukuru mhudumu kwa jina na kwa jambo alilofanya hasa, siku ukija na lalamiko anakusikiliza tofauti.

Wiki ya sita nilivua soksi za Mama nimpake mafuta. Kisigino cha kulia kilikuwa na doa. Ngozi yenye afya ukiibonyeza hupauka kidogo kisha rangi inarudi, isipopauka ujue imeanza kuumia. Ila kwa ngozi nyeusi kama ya Mama jicho linadanganya, unashika kwa mgongo wa mkono. Nilishika. Palikuwa na joto kuliko pembeni, na pagumu kidogo, kama tunda lisiloiva.

Moyo ulinishuka. Nilitoka chumbani na maneno yote mdomoni, yale niliyokuwa nimeyaweka akiba tangu makao ya kwanza. Muuguzi wa zamu alikuwa mezani anaandika. Nikamwambia, "Dada, kisigino cha Mama."

"Cha kulia," akasema. Akageuza daftari kunielekea. Lilikuwa limeandikwa alfajiri ile: doa, ukubwa wake, joto, Mama alipoguswa alivuta mguu. Chini yake: mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie kisiguse godoro. Nikakumbuka kwamba kweli, nilipoingia nilikuta mto pale na mimi ndiye niliyeutoa ili nipake mafuta vizuri.

"Ukimaliza mafuta uurudishe," akaniambia. "Na kisigino chenyewe usikisugue."

Nilirudi nikaurudisha. Mama aliuliza tulikuwa tunaongea nini huko nje. Nikamwambia nimegombezwa. Akacheka kwa upande wake mmoja.