Kumbikumbi wa Chuma

Jumapili, Novemba

Vuli ya mwaka huu inakuja kwa kusitasita. Usiku inanyesha, asubuhi jua linawaka, na mijakaranda ya Arusha bado inamwaga maua barabarani hadi lami inageuka zambarau. Leo baada ya ibada tumekwenda watatu, mimi, Mama na mtoto wa dada yangu, kwenye bustani ya mimea iliyo nje kidogo ya mji, barabara ya Moshi. Siku nyingi pale ni pakimya, ukikuta watu ni maharusi wanapiga picha. Msimu huu wameweka maonyesho ya sanamu za vyuma chakavu, na karibu zote ni za viumbe wanaojitokeza mvua za kwanza zikishanyesha: kumbikumbi, jongoo, konokono, vyura, siafu, kinyonga.

Nasema karibu zote kwa sababu langoni wamesimamisha simba. Ni mkubwa, kazi imefanywa vizuri, na watu wamepanga foleni kupiga naye picha. Mimi nilipita. Ukiishi Arusha simba na tembo unawaona kila mahali: kwenye milango ya magari ya watalii, kwenye fulana, kwenye mabango ya hoteli, kwenye meza za vinyago sokoni. Mji wetu unaishi kwa utalii na siudharau, umesomesha watoto wengi, wakiwemo wa kwetu. Lakini simba nimemwona kwa macho yangu nikiwa mtu mzima, tena kwa kulipia kiingilio. Kumbikumbi alikuja mwenyewe nyumbani, bila kualikwa, akazunguka kwenye taa ya barazani huku sisi watoto tukipigana vikumbo kumkamata.

Kwa hiyo nilipofika kwenye mringaringa mkubwa ulio katikati ya bustani na kuwaona wakining'inia, nilisimama nikashindwa kusogea. Wako wengi, wamefungwa kwa nyuzi za kuvulia samaki kwenye matawi. Kiwiliwili cha kila mmoja ni plagi kuukuu ya pikipiki. Mabawa ni plastiki ya chupa za maji, imekatwa vipande vinne, kisha ikapashwa moto kidogo mpaka ikajikunja na kuonyesha mishipa. Upepo ukipita wote wanageuka kwa pamoja na jua linapenya kwenye mabawa. Kilichonigusa zaidi kilikuwa chini. Kwenye nyasi, kuzunguka shina, fundi ametawanya mabawa matupu, na plagi mbili mbili zisizo na mabawa zikielekea kwenye udongo. Maana ndivyo wanavyofanya. Wanatoka kichuguuni baada ya mvua, wanaruka muda mfupi tu, wanaangusha mabawa, dume na jike wanaandamana kutafuta pa kuchimba, na hapo ndipo kichuguu kipya kinapoanzia. Mtu asiyewahi kufagia mabawa ya kumbikumbi asubuhi mlangoni kwake asingekumbuka kuyaweka.

"Huyu fundi amelelewa na mtu," Mama alisema. Sikumwuliza ana maana gani, nilimwelewa.

Mtoto yeye alitaka kujua kama wanaliwa. Nilimwambia majirani zetu waliwakaanga na chumvi kidogo, na sisi tulikuwa tunakwenda kwao makusudi saa ya kula. "Mama mdogo, na wewe ulikula?" Nilikula, tena kwa furaha.

Jongoo amejengwa kwa ringi za beringi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, miguu ni misumari, na amelala kwenye gogo lililooza ambalo limeachwa lioze hivyo hivyo na uyoga wake. Tumezoea kusema tumetupa jongoo na mti wake. Hapa vyote viwili vimetunzwa. Kinyonga ametengenezwa kwa mnyororo wa baiskeli, amevishwa vizibo vya soda vya kila rangi, na puani ana pembe mbili. Ni kinyonga wa kweli huyo, dume wake ana pembe mbili hasa, na anaishi kwenye misitu ya Meru, Kilimanjaro na Pare. Watu wengi pale walidhani fundi amejitungia.

Hata angejitungia, nani angemlaumu? Sanaa yetu ina jadi ya kucheza. Wachongaji wa Kimakonde walitoa kwenye mpingo mashetani yenye sikio refu na jicho moja tangu miaka ya 1950, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo. Vinyago hivyo vilitoka kwenye masimulizi ya watu wenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema sanamu za kuchekesha kwenye bustani ni mambo ya kuiga.

Siafu wako kwenye mizizi ya mkuyu karibu na mfereji. Ni vijiko vya chai, vimekunjwa na kuunganishwa, vimepangwa kwa msururu unaoteremka kwenye mzizi, unakata njia ya wageni na kupotelea majanini upande wa pili. Pembeni mwa msururu wamesimama walinzi wakubwa zaidi, wa vijiko vya kupakulia, na taya zao ni vipande vya mkasi. Njia haijazungushwa, lazima uwavuke. Nilikaa kwenye benchi pale nikiangalia watu, na kila aliyefika alipunguza mwendo na kuangalia miguu yake. Mama alikamata kitenge chake kwa mikono miwili, akakipandisha hadi magotini, akavuka kwa hatua moja ndefu, halafu akajikung'uta upande wa pili. Mama yangu amepita sabini. Mwili wake unawakumbuka siafu kuliko sisi tunavyokumbuka namba za simu.

Mimea nayo ilipata haki yake, kwa sababu ya Mama. Kijana wa bustani alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba baba, hebu njoo hapa," na tangu hapo kijana hakuondoka. Kwenye msesewe kuna kibao kilichoandikwa Rauvolfia caffra na jina la Kiswahili, basi. Mama akamweleza kwamba gome lake linakaushwa, linatwangwa, na ndilo linaloipa mbege, pombe yetu ya Kichaga, uchungu wake, vinginevyo ni ndizi na ulezi tu. Kwenye masale akamweleza kuwa kwetu ndiyo mpaka wa shamba, na ukimkosea mtu ukamletea jani la sale, ni vigumu sana akukatalie msamaha. Kijana akatoa daftari akaanza kuandika. Ningependa vibao vile viandikwe upya na watu kama Mama wakiwa wamesimama hapo, na Wameru na Wamaasai pia, maana miti mingi ya pale ina matumizi na majina kwao kabla haijapata namba.

Na si kwamba Arusha hatuna elimu ya mimea. Herbaria ya Taifa, hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iko Ngaramtoni hapo, upande wa pili wa mji. Ila ni mahali pa watafiti. Mtoto wa shule ya msingi hafiki.

Chini ya konokono, kwenye kivuli chenye unyevu, wameotesha lile ua dogo la Usambara, la zambarau na katikati njano, majani yana manyoya. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani, na leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani huko Ulaya na Marekani. Asili yake ni miamba ya misitu yetu. Mtoto alipiga magoti kumwangalia konokono, ua akaliona hapo hapo, akauliza kama anaweza kuligusa. Bila konokono asingeinama.

Maonyesho yataondolewa mvua zikiisha. Ukiweza nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, na umchukue mzee wa nyumbani kwenu. Na ninyi mnaopanga ya msimu ujao, ikiwa mnasoma, naomba simba apumzike. Tuleteeni nyenje, dondola na nyumba yake ya udongo, mjusi, panzi, kereng'ende wa mferejini, na kwa ajili ya ndugu zetu wa Bukoba walioko huku Kaskazini, senene.